Paka Tulimsamehe, Dada Tukamfuta

Wasee, leo nina maneno na yatauma wengine wenu. Yaliniuma mimi kwanza.

Mwaka jana cheni ya mathe ilipotea. Iliachwa mezani usiku, asubuhi haipo. Dada wa kazi akaambiwa amwage begi lake hapo sebuleni, nguo zake za ndani zikiwa sakafuni, sisi wote tukiangalia. Hakukupatikana kitu. Bado akafutwa siku hiyo hiyo, na pesa za wiki alizofanya akanyimwa, ati ni za kulipia cheni.

Wiki tatu baadaye tukasogeza friji. Cheni hiyo hapo! Pamoja na raba za nywele karibu kumi, soksi yangu moja na kifuniko cha kalamu. Kumbe ni stoo ya paka wetu. Unajua tulifanya nini? Tulicheka. Nikamchukua video, nikaandika "mwizi wa nyumba", nikavuna laiki. Paka alisamehewa kwa dakika tano.

Na usiniambie hakuna mtu angejua. Ukifuga paka, mjue. Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika, na bado ni mwindaji. Huwinda hata akiwa ameshiba. Kitu kidogo kinachoteleza sakafuni ukikigusa, kwake ni kama panya: anakipiga kofi, anakiuma, anakibeba hadi kona yake. Saa zake za kuchangamka ni jioni na alfajiri, wewe ukiwa bado umelala. Mfungie ndani kutwa nzima bila mchezo, atajitafutia. Mkimbize ukipiga kelele, umemfundisha kwamba ukichukua kitu, watu wanacheza na wewe.

Kule California kulikuwa na paka anaitwa Dusty, aliyebeba mamia ya vitu vya majirani usiku. Taulo, glavu, viatu. Akawa staa wa televisheni. Paka akibeba ni kichekesho. Dada hajabeba chochote, na bado ni mwizi.

Najua mtakuja na "lakini madada wengine huiba kweli." Sawa. Hata watoto wa nyumba huiba. Mimi mwenyewe nimewahi kuchomoa mia mbili kwa pochi ya mathe, na hakuna siku begi langu limemwagwa. Kwa hivyo shida si wizi, bana. Shida ni nani tunaona ni rahisi kumshuku.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi: kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu na asikilizwe. Na hata ukimfuta, siku alizofanya unamlipa. Hiyo ni haki ya dada wa kwenu pia.

Kitu kikipotea, anza chini ya kochi na nyuma ya friji. Cheni weka kwenye droo. Raba na nyuzi usiache ovyo, paka akimeza zinaweza kumziba matumbo. Mtafutie mpira, cheza naye jioni.

Sisi tulimpigia dada simu, tukaomba msamaha, tukamtumia pesa zake. Alishukuru, akasema hatarudi. Simlaumu.

Ile video nimeifuta. Kama kwenu kuna begi liliwahi kumwagwa bure, ongea na mathe wako leo.