SOMO LA 9: BEGA LA MTOTO LIMEPANDA? USIMPELEKE KUVUTWA

Leo tuangalie mgongo.

Mama mmoja kanifuata inboksi. Binti yake wa miaka miwili, bega la kushoto liko juu kuliko la kulia. Mama mkwe anasema ni mbeleko, eti alimbeba vibaya kule mashambani kwenye mpunga. Jirani anasema limeteguka, apelekwe kwa mzee akalivute.

Mimi sikubaliani na wote wawili.

Kombe la bega ni ule mfupa bapa wa pembe tatu, nyuma ya bega. Mtoto akiwa tumboni, kombe linaanzia shingoni, halafu linateremka taratibu mpaka mgongoni. Mimba ikifika miezi mitatu hivi linatakiwa liwe limeshafika. Kwa watoto wachache haliteremki lote. Linabaki juu, mara nyingi likiwa dogo na limekaa upande. Madaktari wanaita ulemavu wa Sprengel, jina la daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeuelezea mwaka 1891. Bega la kushoto ndilo linalopata zaidi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Miezi mitatu ya mimba, hiyo mbeleko hata hujainunua! Mwacheni huyo mama jamani.

Kuvuta ndiko kunakonitisha. Baadhi ya watoto hawa wana kipande cha mfupa au gegedu kinachofunga kombe kwenye pingili za shingo, na wengine pingili zenyewe zimeungana. Ukivuta bega, unavuta na shingo. Hakuna mafuta wala kukanda kutakakoliteremsha.

Ila usianze kuogopa kila mgongo. Makombe hayafanani, hata ya mtu mmoja. Kuna yenye ukingo ulionyooka, kuna yaliyobonyea. Mtoto mwembamba yanamtokeza kama mabawa na ni mzima kabisa. Kuna hata watu wazima ambao ncha ya kombe juu ya bega haikuungana, kwenye eksirei mtu anaweza kudhani wamevunjika.

Cha kuangalia ni hiki: mvue nguo ya juu, asimame akupe mgongo, mikono ilegee. Ncha za chini za makombe ziko sawa? Halafu ainue mikono yote pembeni mpaka iguse masikio. Mmoja ukigoma njiani, njoo naye kituoni. Na sisi manesi tuna lawama yetu hapa: kliniki tunapima uzito, tunachoma chanjo, tunajaza kadi, mgongo hatuugeuzi. Tuambie, "Nesi, naomba umwangalie na mgongo." Hiyo siyo kusumbua.

Tukiona shida tutakupa rufaa, Mbeya kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na ikibidi MOI pale Muhimbili. Siyo kila mtoto anapasuliwa, wengine wanatosha na mazoezi. Lakini wanaohitaji upasuaji, umri unaopendekezwa ni kati ya miaka 3 na 8. Ukizunguka kwa wavutaji miaka sita, umri huo umekupita.

Mchanga ambaye mkono hauchezi tangu kuzaliwa, au bega limevimba na ana homa, huyo usingoje siku ya kliniki. Mlete leo hii.

Yule mama wa inboksi, nakungoja Jumatatu asubuhi. Njoo na kadi, na mama mkwe kama atakubali.