Bingwa wa Simu na Mzee wa Karata

Pale Kasindi madereva wa malori hungoja saa nyingi karatasi za forodha ndipo wavuke Mpondwe, upande wa Uganda. Na wengine hupitisha saa hizo kwa karata. Sasa kijana mwenye simu huwacheka. Ati yeye hucheza poka katika intaneti, basi ni bingwa kuwapita wote!

Ubingwa gani? Jambo moja nalikubali. Mezani karata hugawiwa mara 30 hivi kwa saa; katika simu mara 60 na kupita, kwa hiyo hesabu huingia kichwani upesi. (Fedha nazo hutoka mfukoni upesi vilevile.)

Watatutajia Mmarekani Chris Moneymaker, aliyeanzia katika intaneti, akashinda dola 2,500,000 huko Las Vegas mwaka 2003. Vema. Lakini alishindia wapi? Mezani! Alimhadaa Sam Farha uso kwa uso: alikuwa na karata zisizofaa kitu, naye Farha akatupa zilizo bora.

Tena, kijana, wajua unacheza na nani? Mwaka 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus iliwashinda mabingwa wanne katika migao 120,000. Wao walijua kwamba wanapambana na mashine. Wewe wajuaje? Mzee wa karata humwona mwenzake akimeza mate, humwona pia akiishiwa, akamwambia: "Inuka, baba, ubaki na nauli." Simu yako imekwisha kukuambia hivyo lini?