Bima ya Afya: Sheria Itengenezwe, Isifutwe kwa Hasira

Ndugu wanachama na wafanyakazi wote wa Mogogosiek,

Siku hizi sokoni, kwenye kituo cha kupimia majani, hata matangani, habari ni moja tu: SHA. Wako wanasiasa wanaotuambia kwamba siku watakapoingia serikalini sheria hii itafutwa na NHIF itarudi. Wako wengine wanaotuambia tunyamaze kwa kuwa mambo yote ni mazuri. Sisi wa chama hatufuati upande wo wote wa hawa wawili mpaka tumefanya hesabu. Pesa zinazokatwa ni zetu, na wanaougua ni watu wetu.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokwenda. NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, na sheria hiyo ikabadilishwa kwa nyingine ya mwaka 1998. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo iliifuta ile ya 1998. Kesho yake, Sikukuu ya Mashujaa, alikuwa Kericho kuwahutubia wananchi juu ya afya kwa wote. Tarehe 27 Novemba Mahakama Kuu ikaisimamisha sheria. Tarehe 19 Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikairuhusu iendelee, isipokuwa vifungu vichache. Tarehe 12 Julai majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba inavunja Katiba, maana wananchi hawakuulizwa maoni yao vya kutosha, wakalipa Bunge siku 120 kuitengeneza. Tarehe 20 Septemba Mahakama ya Rufani ikaizuia hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

Tazameni, ndugu. Katika muda usiotimia mwaka mmoja sheria ilisimamishwa, ikaruhusiwa, ikaangushwa, ikainuliwa tena. Na mgonjwa je? Wakili aweza kungoja tarehe nyingine ya kesi, lakini mtu ambaye figo zake zimeharibika na lazima asafishwe damu mara mbili kwa juma hawezi kungoja. Oktoba ile ilipofika, wagonjwa wengi nchini walikuta mambo ya NHIF yamekwisha na mtambo mpya hauwatambui. NHIF nayo ilikuwa imeziachia hospitali deni la mabilioni ya shilingi, na hospitali nyingi zikataka pesa taslimu. Hayo ndiyo matunda ya kufuta sheria moja kabla nyingine haijawa tayari.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kila mtu achukue karatasi yake ya mshahara. Sisi wa reli, ninyi wa majani chai, makarani na walimu, sote tuna mstari uleule: asilimia 2.75 ya mshahara wote, wala haipungui shilingi 300 kwa mwezi.

Mwenye mshahara wa shilingi 12,000 alikuwa akikatwa 500 na NHIF. Sasa anakatwa 330. Mwenye 20,000 alikatwa 750, sasa 550. Mwenye 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Mwenye 40,000 alikatwa 1,000, sasa 1,100. Lakini mwenye 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye 500,000 pia alikatwa 1,700 hiyohiyo, maana NHIF ilifika hapo ikasimama. Sasa wa kwanza analipa 2,750 na wa pili 13,750.

Basi mchuma chai akisikia mtu wa mshahara mkubwa anapiga kelele kwamba turudi NHIF, na aulize: turudi ili nani alipe zaidi? Katika jambo hili moja sheria mpya ni ya haki kuliko ile ya zamani, na chama cha wafanyakazi hakiwezi kuficha neno hilo eti kwa sababu watu wamekasirika.

Lakini hasira ina sababu zake, nazo si ndogo.

Sababu ya kwanza, tajiri anayetuajiri hatoi kitu. Katika NSSF sisi tunatoa asilimia 6 naye anatoa 6. Katika ada ya nyumba sisi tunatoa asilimia 1.5 naye vivyo hivyo. Katika afya, kazi yake ni kukata mshahara wetu na kupeleka pesa. Majani yanachumwa kwa mikono na migongo yetu. Mgongo ukiharibika, gharama iwe yetu peke yetu?

Sababu ya pili ni ya mwenye shamba dogo anayepeleka majani kiwandani, na ya kibarua asiye na mshahara wa mwezi. NHIF ilimtoza shilingi 500 kila mwezi. SHA inamwuliza nyumba yake ni ya namna gani, maji anateka wapi, ana mifugo mingapi, kisha inamkadiria, na ada hiyo inatakiwa ya mwaka mzima, mbele. Nani hapa Konoin ana pesa za mwaka mzima mezani kabla ya bonasi? Na mwenzetu aliyepoteza kazi kwa ajili ya mashine za kuchumia naye huingia katika kundi hilo, tena wakati hana kitu mfukoni.

Sababu ya tatu, pesa zetu hatuoni zinavyotunzwa. Mwezi wa Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali alieleza kwamba mtambo wa kompyuta wa kazi hii, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Mfanyakazi anayelipa kwa lazima ana haki ya kujua.

Ndugu, tuangalie pia wenzetu wa mbali. Huko Marekani, mwaka 2017, wakubwa wa chama kilichotawala walitaka kuifuta sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Walikuwa wameahidi hivyo kwa miaka mingi, lakini hawakuwa wamepatana juu ya kitakachowekwa mahali pake. Tarehe 28 Julai katika Seneti kura 49 zilikubali na 51 zikakataa. Seneta John McCain, mtu wa chama hichohicho, alikuwa mmoja wa waliokataa. Kusema "futa" ni rahisi jukwaani. Swali ni mgonjwa atalala wapi kesho yake.

Kwa hiyo atakayekuja Mogogosiek kuomba kura zetu, awe wa serikali au wa upinzani, tumwulize mambo haya manne:

1. Je, utatia katika sheria kwamba tajiri naye atoe sehemu yake?

2. Je, mwenye shamba dogo na kibarua watalipa kidogo kidogo kwa mwezi, au wakati wa bonasi, bila kulazimishwa kukopa?

3. Je, hospitali zitalipwa kwa wakati, ili mtu akifika Litein, Tenwek, Kaplong au Longisa asiambiwe atafute pesa kwanza?

4. Kama unataka kuifuta sheria hii, iko wapi ile nyingine, imeandikwa, na siku ya kuhama nani atamlipia mgonjwa aliye kitandani?

Asiyeweza kujibu la nne, tusimpigie makofi.

Na sisi wenyewe tuna kazi ya kufanya. Kila mmoja ahakikishe amejiandikisha kwa *147#, pamoja na mke au mume na watoto. Pesa zinapaswa kupelekwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tajiri akikata asipeleke, mleteeni habari mwakilishi wenu wa chama pamoja na karatasi ya mshahara. Tena, kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka tajiri, isipokuwa katika hali zilizotajwa humo, ahakikishe mfanyakazi anapata dawa za kutosha anapougua. Mkisikia dispensari ya shamba lo lote inataka kufungwa kwa kisingizio kwamba SHA ipo, msingoje mpaka mlango utiwe kufuli. Njoni chamani siku hiyohiyo.

Umoja ni nguvu.