Kocha, mwangalie dogo anavyotembea

Umisseta ikifika, makocha hukaa pembeni wakihesabu mabao na chenga. Wachache humwangalia dogo anapotembea kwenda kunywa maji, na goti husema ukweli hapo hapo.

Kijana ambaye pia ya goti lake imewahi kuchomoka hatembei kama wenzake. Mguu anaukaza, goti halikunji vizuri akikanyaga, hatua inakuwa fupi. Kwenye ngazi anashika ukuta. Wenzake wanamcheka eti anaringa, kumbe anaogopa pia isiteleze tena. Kwa kawaida hukimbilia upande wa nje, na kano inayoizuia kwa ndani ikishachanika haishiki kama mwanzo. Wengine wamezaliwa na mfereji usio na kina pale inapopita pia. Kibaya zaidi, kadiri anavyolikwepa goti lile ndivyo misuli ya mbele ya paja inavyosinyaa, na ndiyo inayosaidia kuishikilia pia mahali pake.

Mchangani dawa ni ile ile: spreyi, bandeji, "kaza dogo", anarudi uwanjani. Huo si ujasiri, ni kumuumiza mtoto wa watu. Pia ikichomoka, gegedu linaweza kumeguka, na wanaorudiwa sana ni hawa hawa vijana. Apelekwe hospitali apigwe picha, kisha afanye mazoezi ya paja na nyonga chini ya mtaalamu wa viungo, tena kwa wiki kadhaa, sio kuchuliwa kwa nguvu na jirani.

Timu itamkosa robo fainali? Imkose.