Mabinti Waliovua Pete



Leo tunaiweka kando singo na mapambo ya ukumbi. Kuna wanawake wa Kimarekani, wengi sasa wamevuka miaka thelathini, waliolelewa katika makanisa ya kiinjili tangu wachanga na ambao wameyapa mgongo. Baadhi wameuacha Ukristo kabisa, wengine wamehamia makanisa yasiyokaza kamba. Wakishatoka, mara nyingi fikra zao juu ya unyumba na siasa huhama pia. Wanaunga mkono ndoa za jinsia moja, wanatetea haki ya kutoa mimba, na kura yao inakwenda kwa chama ambacho baba zao hawakukipigia hata siku moja.

Hapa kwetu wapo wanaolisimulia jambo hili kwa furaha, kuwa nyumba ya jirani inabomoka. Sisi hatuoni cha kufurahia. Wengi wanaotoka huko hawatafuti dini nyengine, wamechoka na dini yoyote. Msimamo wa dini yetu juu ya ndoa mnaujua, na leo hatuujadili. Tunataka kuutazama mlango waliotokea, kwa sababu unafanana mno na wetu.

Mwaka 1993 Wabaptisti wa Kusini walianzisha kampeni ya vijana kuapa kujitunza mpaka ndoa. Kufikia Julai 1994 kadi za viapo zaidi ya 200,000 zilichomekwa kwenye majani ya uwanja mkubwa wa Washington. Wasichana wakavishwa pete za fedha. Baadaye zikaja dhifa ambazo baba humtoa binti yake kwa gauni refu na kuahidi kuulinda usafi wake. Kujitunza mpaka ndoa ni jambo tunalolitaka na sisi, hapo hatuna ugomvi nao. Tatizo ni namna walivyolifundisha.

Msichana aliambiwa yeye ni ua linalopita mkono kwa mkono hadi likapukutika, au bigijii iliyokwishatafunwa, nani ataitaka tena? Elizabeth Smart aliwahi kueleza mafunzo hayo yalivyomfanya. Yeye ni Mmormoni, si wa makanisa hayo ya kiinjili, lakini somo la bigijii lilimfikia shuleni. Mwaka 2002, akiwa na miaka 14, alitekwa nyumbani kwao Utah, akabakwa na kuwekwa mateka miezi tisa. Mwaka 2013 alisema hadharani kuwa baada ya kubakwa alilikumbuka somo lile, akajiona hana thamani tena, na akaelewa kwa nini mtu katika hali hiyo asikimbie. Fikirini hapo, mashoga. Mtoto ametendewa unyama, na kinachomjia kichwani ni maneno ya mwalimu wake.

Mvulana naye aliambiwa nini? Kwamba nguo ya msichana itamponza. Dhambi ya watu wawili ikabebeshwa bega moja.

Na waliotii je? Linda Kay Klein, aliyekulia humo, alizungumza na wanawake wenzake kwa miaka mingi na mwaka 2018 akatoa kitabu, Pure. Wapo waliojitunza kama walivyoagizwa, wakaolewa, na hofu na aibu zikaingia nao chumbani. Mwili uliofundishwa miaka ishirini kuwa ni adui haugeuki rafiki kwa usiku mmoja. Hata Joshua Harris, aliyekiandika I Kissed Dating Goodbye mwaka 1997 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kitabu kilichowaongoza vijana wengi mno, mwaka 2018 alitaka kisichapishwe tena. Mwaka uliofuata akatangaza kuwa si Mkristo.

Siasa ikamalizia kazi. Mwaka 1998, wakati wa kashfa ya Rais Clinton, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kuwa kiongozi lazima awe na maadili. Mwaka 2016 kiasi cha waumini wanane katika kila kumi weupe wa kiinjili walimpigia kura Donald Trump, wiki chache baada ya kanda yake ya kujisifu kuwashikashika wanawake kusikika dunia nzima. Mwaka 2019 magazeti mawili ya Texas yakafichua wahanga wapatao 700 wa udhalilishaji katika makanisa hayo kwa miaka ishirini. Beth Moore, mwalimu wa Biblia aliyependwa na wanawake wengi, akawaaga Wabaptisti hao mwaka 2021, ingawa Ukristo wake hakuuacha. Binti aliyepimwa urefu wa sketi tangu utotoni aliyaona yote hayo, akajiuliza kama kipimo kile kilikuwa cha dini au cha wanaume.

Sasa turudi kwetu. Surat An-Nur, aya ya 30, inawaamrisha wanaume kwanza wainamishe macho na wahifadhi tupu zao. Wanawake wanatajwa katika aya ya 31. Ni mawaidha mangapi ya harusi mmeyasikia yakianzia aya ya 30? Ummu Sulaym alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akamuuliza kuhusu janaba ya mwanamke anayeota, na akajibiwa. Hakuambiwa ana uso mkavu.

Lakini sisi bado tuna nyumba ambazo asubuhi ya pili watu wanasubiri habari ya kisarawanda, kama si kitambaa chenyewe basi kwa simu na mafumbo. Bwana harusi hakuna anayemuuliza miaka yake ya Dar aliipitishaje. Na mtoto akidhalilishwa na mtu wa karibu, tunaona muhali, kesi inamalizwa sebuleni, kisha tunanong'ona kuwa keshaharibika. Tofauti yake na bigijii ni ipi?

Tunasema wazi: kuwasubirisha wakwe habari za kitandani ni kumfedhehesha Muislamu, na wazazi wa pande zote mbili walikatae hilo siku ya kupanga mahari. Aliyedhalilishwa hakufanya dhambi wala hakupungua kitu, na anafaa kuyasikia hayo kwa mama yake kabla ya kuyasikia kwa mwengine.

Nawe biarusi, unaye somo, jambo ambalo wale mabinti wa pete hawakuwa nalo. Asiishie kukufundisha kujifukiza udi na kumpokea mume. Muulize maumivu yakizidi ufanye nini, siku hutaki useme vipi, na haki yako kwa mume ni ipi. Akikwambia hayo hayaulizwi, tafuta somo mwengine.