Mwenye Hati na Mwenye Kuishika Nyumba

Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye hati ya nyumba aweza kuingia humo saa yo yote apendayo. Sivyo. Leo twapenda kueleza neno moja la sheria liwezalo kuziokoa jamaa na ugomvi, hata na kifungo. Neno lenyewe ni kushika mali.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 299, yamkataza mtu kuingia isivyo halali katika mali iliyo mkononi mwa mwingine, kwa nia ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana au kumwudhi aishikaye. Hata aliyeingia kwa halali ana kosa, akibaki humo isivyo halali kwa nia hiyo. Maneno haya yafanana sana na yale ya Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Angalieni vema: sheria yamtazama aliye na mali mkononi, si mwenye hati.

Basi, kushika mali ni nini? Ni kuwa na uwezo juu yake kwa kweli, pamoja na nia ya kuitawala na kuwazuia wengine. Mpangaji aishika nyumba aliyopanga, ingawa si yake. Mama aliyefunga mlango akaenda sokoni aishika bado nyumba yake, ingawa hamna mtu ndani. Lakini mgeni aliyepewa mkeka kwa usiku mmoja hakuishika.

Kwetu Kongo, kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu chamwadhibu aingiaye bila ruhusa ya sheria, kwa vitisho, kwa kuvunja, kwa kupanda ukuta au kwa funguo za uwongo, katika nyumba inayokaliwa na mwingine. Nacho pia chamtaja mkaaji. Basi ndugu za marehemu wasidhani ya kuwa neno "nyumba ni ya ukoo" lawapa ruhusa ya kuvunja mlango wa mjane.

Je, wenye haki wanyamaze? La! Waende kwa hakimu. Ila wasitumie kesi ya jinai kujipatia shamba: mahakama za Tanzania zimeamua ya kuwa, umiliki ukibishaniwa kwa kweli, shauri la madai litangulie.

Tumwachie hakimu kuamua mali ni ya nani. Sisi tupige hodi, tungoje kukaribishwa.