Mambo ya Nyumbani: Ujira wa Fundi wa Bomba

Fundi wa bomba akitaka fedha nyingi kwa kazi ya nusu saa, je, ametuibia? Sisi nasi tulidhani hivyo. Koki yetu ya jikoni ilikuwa ikitona usiku na mchana. Fundi akaja, akafunga maji, akatoa kipira kilicholika, akatia kipya, akataja shilingi 15,000. Tukamwambia, “Fundi, kipira chenyewe hakifiki hata shilingi 1,000!” Tukampa nusu, akaenda zake bila neno.

Usiku ule tukafunga koki zote, tukaandika tarakimu za mita. Asubuhi, kabla mtu hajateka maji, tukazisoma tena: hazikusogea hata moja. Ndipo tulipoona haya. Maana fundi wa kwanza alitaka tununue koki nzima, hali iliyolika ni kipira tu; na huyo ndiye tuliyemsifu kwa maneno yake matamu!

Basi hesabu si ya dakika. Ndani yake mna nauli, vyombo alivyonunua, na siku asizopata kazi. Walakini yafaa kuuliza bei kabla spana haijashika koki, vifaa mbali na ujira mbali, na kitu kilichotolewa kiachwe ukitazame. Akikataa hayo, mwite mwingine.

Jumamosi tulimtafuta yule fundi, tukamlipa nusu iliyosalia. Akaipokea, akauliza kama koki ingali ikitona.